Jumuiya za mitaa Mji Mkongwe: Nani alipie paa linalovuja?

KILA mvua za masika zinapokaribia, wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hukumbushwa jambo ambalo kiangazi kilikuwa kimewasahaulisha: kwamba nyumba zao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kwamba adui mkubwa wa vitu hivyo vyote ni maji. Paa likivuja bila ya kuzibwa, boriti huoza pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Siku inapokatika, hushuka na sakafu nzima.

Hofu hiyo si ya kubuni. Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo na kuua watu wawili. Hilo lilikuwa jengo la Serikali, lenye sifa duniani kote, lenye mafundi na fedha za kulitengeneza. Nyumba ya kawaida ya Kiponda, Malindi au Mkunazini haina mlinzi wa namna hiyo. Mlinzi wake ni mtu anayelala ndani yake.

Ndiyo maana suala la wakaazi wa mtaa kujiunga pamoja, kuchanga fedha na kusimamia kazi zao wenyewe, si suala la anasa katika mji huu wenye majengo yapatayo 1,700. Tangu mwaka 1985 ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco. Mwaka 2002 ikaundwa jumuiya ya kiraia ya urithi wa Mji Mkongwe. Hata hivyo, Mamlaka hutoa vibali na kusimamia taratibu za ujenzi, na Unesco hutoa heshima na maonyo. Hakuna kati yao anayepanda juu ya paa la mtu usiku wa mvua.

Katika mitaa mingi kazi hiyo huanzia barazani. Watu wanaokaa pamoja baada ya sala ya alasiri hukubaliana kuzibua mtaro, kununua taa ya kichochoro au kumsaidia mjane ambaye ukuta wake umepasuka. Makubaliano ya namna hiyo ni ya haraka, na hayana gharama. Kasoro yake huonekana pale fedha zinapokuwa nyingi, au pale aliyekuwa akizishika anaposafiri, kuugua au kufariki dunia. Hapo ndipo baraza hulazimika kuwa jumuiya.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inatambua uhuru wa watu kukutana na kushirikiana, na kwa miaka mingi usajili wa jumuiya ulisimamiwa na Sheria ya Jumuiya namba 6 ya mwaka 1995 kupitia kwa Mrajis. Jumuiya huandika katiba yake, hutaja viongozi wake na hueleza malengo yake. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ni usumbufu wa makaratasi. Lakini jumuiya isiyosajiliwa hupata taabu kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, na fedha zisizokuwa na akaunti hukaa katika mfuko wa mtu. Mfuko wa mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani, una mahitaji yake.

Wapo wanaouliza: kuna haja gani ya jumuiya ilhali kila shehia ina sheha? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika namna sheha anavyopatikana. Tanzania Bara mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa kwa kura na wakaazi. Zanzibar sheha huteuliwa, naye ni mwakilishi wa Serikali katika shehia yake. Kwake hupita barua za utambulisho, taarifa za wageni na malalamiko ya majirani. Jumuiya haiwezi kuchukua nafasi yake wala haipaswi kujaribu. Kinachowezekana ni kumwalika katika mkutano, kumpa nakala ya maamuzi na kuitumia ofisi yake kuyafikisha manispaa yale ambayo mtaa hauyawezi.

Jambo hili halikuwa rahisi katika miaka ya uhasama wa vyama. Yeyote aliyeishi Unguja kabla ya maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010 anakumbuka kwamba hata mahali pa kunywea kahawa palikuwa na chama chake: Jaws Corner ya Sokomuhogo ilijulikana ni ya nani, na Kisonge ya Michenzani vile vile. Kikundi cha watu kumi wakikutana kuzungumzia mtaro waliweza kushukiwa kuwa wanazungumzia mengine. Jumuiya inayotaka kuishi hujiwekea mipaka mapema: mikutano isifanyike katika maskani ya chama chochote, na kiongozi anayegombea nafasi ya siasa auache kwanza uongozi wa mtaa.

Turudi kwenye paa, kwani ndipo penye ugumu wenyewe.

Tuchukulie nyumba ya ghorofa mbili inayokaliwa na familia sita, na fundi ameeleza kwamba matengenezo ya paa yatagharimu shilingi milioni sita. Hesabu nyepesi ni milioni moja kwa kila familia. Wa chini watasema mvua haiwafikii. Wa juu watasema wao ndio wanaoteseka, na kwa hiyo tayari wamekwishalipa kwa magodoro yaliyorowa. Mzee wa pensheni atasema hana. Kwa kawaida majadiliano huishia hapo, na masika huingia.

Hoja ya wa chini ni dhaifu, ingawa husemwa kwa sauti kubwa. Katika nyumba za mawe uzito wa juu hubebwa na kuta za chini, na maji yanayoingilia paani huteremka ndani ya ukuta huo huo hadi kwenye msingi. Boriti ya juu ikikatika, huangukia boriti ya kati. Kwa sababu hiyo, mgawanyo sawa ndio ulio karibu zaidi na haki kuliko mgawanyo wa ghorofa kwa ghorofa. Asiye na uwezo hapunguziwi deni bali huongezewa muda, na pengo lake hujazwa kwa muda na mfuko wa jumuiya. Akina mama wa Unguja wanaocheza michezo ya fedha wanaufahamu utaratibu huu vizuri: kila mmoja hutoa kiasi kile kile, kinachotofautiana ni zamu.

Lakini kabla ya senti moja kutolewa lipo swali la mmiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, na wapangaji wake wamekuwa wakilipa kodi serikalini. Nyingine ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine ni za mirathi isiyogawiwa, warithi wakiwa wametawanyika Muscat, Dubai na London. Mpangaji anayetengeneza paa la mtu mwingine bila ya maandishi anaweza kupoteza fedha zake na baadaye kupoteza hata chumba, maana nyumba iliyotengenezwa hupanda thamani. Hapa jumuiya ina manufaa ambayo mtu mmoja hana: barua ya familia sita, yenye mhuri na nakala kwa sheha, inayoomba gharama zikatwe katika kodi, ni vigumu kuiacha mezani bila ya jibu.

Kisha kuna kibali cha Mamlaka, na kuna suala la vifaa. Mafundi wengi wa leo hupenda saruji kwa kuwa ni ya haraka. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huyafungia maji ndani, ukuta ukapendeza kwa miaka michache huku ukioza moyoni. Chokaa hupumua, lakini huhitaji fundi anayeijua, muda wa kuiandaa na uvumilivu wa kuingojea ikauke. Kamati yenye busara humlipa fundi kwa hatua, na huteua watu wawili wa kuhesabu mifuko inayoingia.

Taka ni mzigo mwepesi zaidi kuueleza. Gari la manispaa haliingii vichochoroni, basi lazima awepo mtu wa kuzitoa taka mlangoni kwa mkokoteni hadi jaani, na mtu huyo lazima alipwe kila mwezi. Anapokosa mshahara mara mbili haji tena, na rundo huonekana siku ya tatu.

Maji nayo yalitoa somo. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani Unguja kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 ukakatika tena kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu ziliposimama, visima vya zamani vikawa tegemeo, na mtaa ambao kisima chake kilikuwa kimegeuzwa jaa ulijuta.

Si kila shida humalizwa kwa michango. Wakaazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliosumbuliwa na moshi wa jaa la Jiji, walikwenda Mahakama Kuu katika kesi namba 299 ya mwaka 1988 na wakashinda. Jiji liliendelea kuomba kuongezewa muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa. Wasingefika huko iwapo kila mmoja angelalamika dirishani kwake.

Mji Mkongwe wa sasa una kikwazo ambacho Tabata haikuwa nacho. Nyumba zinageuzwa hoteli na vyumba vya wageni, familia zinahamia Ng'ambo na pembezoni mwa mji, na daftari la wanachama linapungua kila mwaka. Mwenye hoteli anatumia mtaro ule ule na kichochoro kile kile, na taka zake ni nyingi kuliko za nyumba kumi, lakini mara nyingi haishi mtaani na meneja wake hubadilika. Kumwachia bila ya mchango ni kuwabebesha wachache mzigo wa wengi. Kumpa kura sawa na mkaazi, naye ana hoteli tatu, ni kumkabidhi mtaa. Baadhi ya wakaazi wanapendelea mwenye biashara atoe ada kubwa zaidi, ahudhurie mikutano na kusema, lakini kura zibaki kwa wanaolala hapo mwaka mzima. Kifungu hicho cha uanachama ni bora kiandikwe wakati wenye kulala hapo bado wanatosha kukipitisha.