Tuhesabu bidoni, si robine tu



Kila robine mpya inapofunguliwa mjini kwetu Uvira, tunauliza: sasa ziko ngapi? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Robine haimkingi mtoto na kolera kwa kusimama tu kwenye avenyu. Inamkinga siku ambayo maji yake yanafika kwenye kikombe cha mtoto, na kesho yake tena, na kesho kutwa.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha afya cha London walitoa utafiti uliofanywa hapa hapa Uvira. Walilinganisha, siku kwa siku, kuanzia 2009 hadi 2014, maji yaliyotolewa na REGIDESO na wagonjwa walioingia katika kituo cha kutibu kolera. Baada ya siku isiyo na maji, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata, kuliko baada ya siku yenye maji ya kutosha. Karibu robo ya wagonjwa wote ilitokana na maji kupungua na kukatika.

Maji yakikatika tunafanya nini? Tunashuka ziwani, au mtoni Mulongwe na Kalimabenge. Mazoea yakishaingia, hata robine ikirudi, mguu unakumbuka njia ya ziwa.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kipime kwa wiki moja. Chukua daftari, chora safu mbili: robine, na ziwa au mto. Kila bidoni inapoingia nyumbani, piga kijiti. Asiyezoea kalamu aweke punje ya maharagi katika kopo mbili tofauti. Mtoto wa darasa la nne atajumlisha.

Mwisho wa wiki tujiulize mambo matatu:

1. Nyumba ngapi zilichota robineni hata mara moja?
2. Ngapi zilichota siku zote saba?
3. Maji ya kunywa ni yapi? Nyumba inaweza kufulia maji ya robine, huku watoto wanakunywa ya ziwa.

Tuseme nyumba 20 zimeandika. 16 zimechota robineni, lakini 6 tu kila siku. Anayesema "16 kati ya 20" hasemi uongo, ila amepiga vigelegele mapema. Zile 10 za katikati, zinazokwenda na kurudi, ndizo za kutembelea kwanza, kwa sababu njia ya robine wanaijua tayari. Kisha zile 4.

Tuangalie pia wingi. Hata katika misaada ya dharura, kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 8 inahitaji lita 120, yaani bidoni 6 za lita 20. Ikiingiza 2 tu, mikono haioshwi.

Tukitembelea, tusigombeze. Tuulize kinachomzuia mama. Ni foleni? Tuzungumze na mtunza robine afungue mapema, wasichana wasikose somo la kwanza. Ni kukatika? Tuweke akiba katika bidoni safi yenye kifuniko. Ni pesa? Likelemba ya kikundi inaweza kusaidia. Ni harufu ya klori? Tumweleze kwamba harufu hiyo ni alama kuwa dawa ingali ndani ya maji. Kila sababu ina dawa yake. Hotuba moja haiponyi zote.

Baada ya mwezi tuhesabu tena. Vijiti vya robine visipoongezeka, dawa haikuwa ile, tutafute nyingine.

Daftari hizo tuje nazo mkutanoni. Malalamiko matupu husikilizwa na kusahauliwa. Lakini mama akimwonyesha shefu wa kartie au REGIDESO siku zipi maji yalikosekana, na bidoni ngapi zilitoka ziwani siku hizo, atajibiwa kwa namna nyingine.