Maktaba na Utafiti wa Pamoja: Matini Moja ya Lubumbashi

Kazi ya maktaba ya chuo kikuu aghalabu hupimwa kwa idadi ya vitabu na viti vya wasomaji. Kipimo hicho hakitoshi pale wanazuoni wa miji miwili au mitatu wanaposhughulikia matini moja. Hapo mkutubi huwa mshirika wa utafiti, apende asipende. Mfano ulio wazi watoka Lubumbashi, nao unamhusu kila mwanafunzi wa Kiswahili.

Mwaka 1965, mji huo ukingali ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, yaani maboi, kijitabu kilichopigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga. Kinaitwa "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Mkutubi anayesoma jina tu atakiweka miongoni mwa kamusi, na huko mwanahistoria hatakiona kamwe. Kwa hakika si kamusi. Ni historia ya mji, ikisimuliwa na wale waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuwasaidia watafiti ni kukifungua na kukisoma, kisha kukiingiza katika katalogi chini ya historia, chini ya kazi za nyumbani, na chini ya lahaja za Kiswahili.

Majina ya mahali nayo yana taabu yake. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Katanga ikaitwa Shaba tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997. Haut-Katanga ni mkoa tangu 2015. Katalogi isiyoyaunganisha majina haya huugawa mji mmoja kuwa minne.

Kitabu kilichoitangaza matini hiyo kwa wanazuoni kilitoka mwaka 1990, kikihaririwa na kufasiriwa na Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi. Walter Schicho aliandika maelezo ya kiisimu. Mchango wa Kalundi Mango unastahili kutazamwa zaidi. Maandishi ya Yav hayatenganishi maneno kwa utaratibu mmoja, na alama za kituo ni haba. Jicho peke yake hukwama. Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aliisoma matini kwa sauti ikarekodiwa, na kilichokuwa fumbo kwenye karatasi kikaeleweka kwa kusikika. Usomaji wa namna hiyo si utumishi wa pembeni bali ni utafiti wenyewe. Hata hivyo, kadi ya katalogi yenye nafasi ya mwandishi mmoja humwacha nje aliyesoma, na pengine hata Yav mwenyewe, kitabu kikahesabiwa kuwa cha mhariri peke yake.

Tangu mwaka 2001 matini hiyo imepatikana pia bila malipo katika intaneti, miongoni mwa matini za Kiswahili cha Kongo zilizokusanywa na wanazuoni wa Amsterdam. Hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini halimalizi kazi. Mhadhiri anayekaa mtaa wa Karavia na kufundisha katika kampasi ya Kasapa hawezi kujenga somo zima juu ya umeme na mtandao visivyotabirika. Anahitaji nakala kadhaa zilizochapwa, zilizotengwa mezani kwa darasa lake na zisizoazimwa nje, na nakala moja ya kielektroniki iliyohifadhiwa katika kompyuta ya maktaba yenyewe. Gharama yake ni karatasi na wino. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa dhamana hiyo.

Ushirikiano wa kufundisha unaweza kuanzia hapo. Wanafunzi wa Lubumbashi wana sikio ambalo wenzao wa Dar es Salaam au Nairobi hawana, kwani Kiswahili cha Yav kinakaribiana na kile cha nyumbani na sokoni kwao. Wenzao, kwa upande wao, wamezoea Kiswahili sanifu na makamusi yake. Darasa la Kasapa likisoma kurasa kadhaa kwa sauti na kuzirekodi, darasa la pili likaandika fasiri kwa Kiswahili sanifu, maktaba zote mbili zitunze sauti na fasiri pamoja, chini ya namba moja, zikiwa na tarehe, mahali, na majina ya wote waliosoma na walioandika.