Kamba ilikatika au balikata kamba? Nyuma ya kamera ya komedi ya mauaji

"Muuaji ni mdogo wake marehemu," Profesa alisema, akanyoosha kidole. Uwanja mzima ulinyamaza kidogo, halafu Mama aliyeigiza mtunza fedha wa likelemba akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Profesa alikuwa amekosea. Mwenyewe ameniruhusu kuandika hivyo, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake na nieleze vizuri kwa nini alikosea. Makala hii ni kutimiza sharti hilo.

Nianze na aina yenyewe ya mchezo. Komedi ya mauaji kwenye televisheni ina mambo ya kawaida ya hadithi za upelelezi: maiti, washukiwa watatu au wanne, mpelelezi, na ukweli unaotolewa mwishoni. Tofauti ni kwamba mpelelezi ni mtu wa kuchekesha na washukiwa nao ni vichekesho. Ukiitazama umekaa kitini unadhani ni kazi nyepesi. Ukiitengeneza unagundua kwamba ndani yake mna ugomvi. Hadithi ya mauaji inamwomba mtazamaji asikilize kila neno, kwa sababu kidokezo kinaweza kuwa popote. Kichekesho kinamwomba alegee. Mtu anayecheka hasikii vizuri sentensi inayofuata. Kila mwigizaji anajua hilo, ndiyo maana husubiri kicheko kipungue kabla ya kuendelea. Sasa, kidokezo ukiweke wapi? Ukikiweka mahali pa kimya, kila mtu atakiona. Ukikiweka chini ya kicheko, hakuna atakayekisikia, na mwishoni watu watasema umewadanganya.

Mfano tulioufuata ni Murderville, mfululizo wa Marekani wenye vipindi sita uliotolewa na Netflix mwezi wa Februari 2022. Will Arnett anaigiza mpelelezi Terry Seattle, mtu mwenye majivuno na maisha yaliyovurugika: mkuu wake wa kazi, anayeigizwa na Haneefah Wood, ndiye mke anayeachana naye. Katika kila kipindi Terry anapewa msaidizi mpya, na msaidizi huyo ni mtu maarufu anayetumia jina lake mwenyewe: mtangazaji Conan O'Brien, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani Marshawn Lynch, mwigizaji Sharon Stone, na wengine. Waigizaji wote wana maandishi na wanamjua muuaji, isipokuwa mgeni. Yeye hajapewa hata ukurasa mmoja. Anahoji washukiwa watatu, anajibu kwa maneno yake, na mwishoni analazimika kumtaja muuaji mbele ya wote. Mkuu wa polisi ndiye anayemwambia kama amepata au amekosa, na vidokezo vyote vinapitiwa tena.

Wazo hilo halikuzaliwa Marekani. Lilitoka Uingereza, katika Murder in Successville, mchezo wa BBC Three ulioonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2017, ambamo Tom Davis aliigiza mpelelezi Sleet na mgeni naye aliingia bila maandishi.

Kinachonivutia mimi kama mwanafunzi wa isimu ni hali ya yule mgeni. Ni msikilizaji wa kweli aliyewekwa katikati ya wasemaji wa uongo. Na kazi ya nyuma ya kamera yote inapangwa kwa ajili ya masikio yake. Mshangao wake hauwezi kurudiwa: ukimwambia "tuanze tena", ameshajua. Kwa hiyo kamera zinapaswa kuwa tayari kila upande kabla hajaingia, na waigizaji wanapaswa kujua ni maneno gani wanaruhusiwa kubadilisha na ni yapi hayaguswi. Maneno ya kuchekesha yanaweza kutoka papo hapo. Maneno ya kidokezo hapana. Mwigizaji anaweza kuzunguka kadiri anavyotaka, lakini lazima apite pale.

Tulipomweleza utaratibu huu Mama, ambaye amecheza teatre ya mtaani hapa Lubumbashi tangu sijazaliwa, alinitazama kama mtu anayeelezwa jinsi ya kusonga bukari. Alikuwa na haki. Mwaka 1986, nchi ikiitwa bado Zaire, mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian alikuwa hapa mjini pamoja na kundi la Mufwankolo lililojulikana sana kwa michezo yake ya televisheni. Aliwauliza maana ya msemo mmoja wa Kifaransa kuhusu mamlaka, kwamba huliwa mazima. Nao, badala ya kumjibu tu, wakaugeuza kuwa mchezo. Fabian alirekodi walivyojadiliana, walivyogawana sehemu na walivyofanya mazoezi, na mwaka 1990 akatoa kitabu, Power and Performance, chenye maneno yao kwa Kiswahili cha Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikuwa na mpango wa matukio na vichwa vyao. Nilikisoma kitabu hicho mwaka wa tatu nikitafuta mifano ya viambishi, na nikajikuta nasoma mazoezi ya watu wanaokatizana na kurekebishana.

Basi mchezo wetu. Mwenyekiti wa likelemba anakutwa amekufa uani usiku wa kuamkia siku ya kugawa pesa. Pipa la maji lililokuwa likivutwa juu ya paa limemwangukia. Washukiwa ni mke wake, mdogo wake mwenye madeni kila mtaa, na mama mtunza fedha. Kila mmoja anachekesha kwa namna yake. Mdogo mtu anadai hata marehemu alimwachia deni. Profesa, aliyekubali kuwa mpelelezi mgeni, hakujua chochote isipokuwa saa ya kufika na kwamba avae viatu visivyoogopa matope.

Kidokezo nilichokipanga kwanza kilikuwa kamba yenyewe. Kamba iliyokatika kwa uzito huacha nyuzi ndefu zisizolingana. Iliyokatwa kwa kisu ina ncha safi. Lakini tulikuwa na simu mbili tu za kupigia picha, na katika mwanga wa jioni ncha zote mbili zilionekana kama mkia wa panya. Nikaamua kidokezo kiwe neno. Wote wanaamini kwamba ni ajali, kwa hiyo wote waseme "kamba ilikatika". Muuaji peke yake ajikwae na kusema "kamba ilikatwa".

Kwa wasomaji wa kozi nyingine, tofauti ni hii. Kiambishi -ik- kinaeleza jambo lililotokea bila kumfikiria mtendaji: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Huwezi kuongeza "na Fulani" mwishoni. Kiambishi -w- kinaweza kumficha mtendaji, lakini nafasi yake ipo: kikombe kimevunjwa, na mtu anaweza kuuliza mara moja, na nani? Anayesema "ilikatwa" anakiri kwamba anajua mkono ulihusika. Nilijisikia mwerevu sana. Hadithi nzima ya mauaji imesimama juu ya kiambishi kimoja!

Mama alisoma ukurasa wangu, akaurudisha.

"Mutoto, apa kwetu nani anasemaka 'ilikatwa'? Iyo ni Kiswahili ya mu kanisa."

"Sasa Mama utasema namna gani?"

"Nitasema: ile saa balikata kamba, miye nilikuwa ku misa."

Nilijaribu kubishana, kwa heshima. Nilikuwa nimeandika mchezo wote kwa Kiswahili bora, kama tulivyofundishwa, na niliogopa kwamba wale watakaouona kitivoni watasema sijui kuandika. Halafu tulifanya zoezi la kwanza uani, jenereta ya jirani ikinguruma, nikakubali bila maneno. Kati ya "ilikatika" na "ilikatwa" tofauti iko mwishoni mwa neno, mahali ambapo sauti ya msemaji inashuka. Jenereta iliimeza yote. "Balikata" inatangaza habari yake mwanzoni, kwa silabi nzima yenye nguvu.

Na kuna zaidi ya sauti. Hiyo ba- ya mtaani ni kitu cha ajabu. Tunasema "balimwiba simu" hata kama mwizi ni mmoja na tunamjua. Inamweka mtendaji kwenye kiti chake lakini inamfunika uso: haituambii ni wangapi, wala ni mwanamume au mwanamke. Kwa muuaji anayetaka kujificha, lugha haijawahi kutoa nguo nzuri kuliko hiyo. Inamficha yeye, lakini haifichi kwamba kuna mtu. Nilikuwa nimetafuta kidokezo katika kitabu cha sarufi. Mama alikuwa nacho mdomoni.

Siku ya kupiga picha alikisema mara mbili. Mara ya kwanza alikitanguliza mbele ya kichekesho, si chini yake: "Ile saa balikata kamba, miye nilikuwa ku misa," akanyamaza kidogo, halafu akaanza kusimulia padri alivyolala katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Hilo halikuwa katika maandishi. Profesa alicheka mpaka akaondoa miwani. Mara ya pili Mama alikirudia karibu na mwisho, polepole, akimtazama usoni. Nilikuwa nimeshika simu na mkono ulitetemeka; nilidhani amempa jibu bure.

Dakika tano baadaye Profesa alimtaja mdogo wa marehemu.

Tulipokaa kunywa chai nilimwonyesha picha. Alisikiliza ile sentensi, akaomba irudishwe, akaisikiliza tena. Kisha alisema jambo ambalo limekaa nami kuliko maksi yoyote aliyowahi kunipa. Alisema alikuwa ameisikia mara zote mbili. Ila masikio yake, baada ya miaka mingi ya kusahihisha karatasi zetu, yalikuwa yameiandikia alama nyekundu na kuendelea. Aliposikia "balikata" alijiambia kwamba mama huyu anataka kusema "ilikatika" na hajui kuisema vizuri. Akamsahihisha kichwani, na kwa kumsahihisha akamfutia hatia.

Wanafunzi tuliowaonyesha baadaye katika auditorio walijigawa kwa namna iliyonishangaza. Wa mwaka wa kwanza, ambao bado wanazungumza Kiswahili cha nyumbani bila aibu, walianza kunong'onezana mara ya kwanza tu Mama aliposema. Sisi wa miaka ya juu tulikuwa tunaandika orodha ya sababu: madeni, wivu, urithi.

Televisheni moja ya hapa ilikubali kutazama kazi yetu, lakini ikataka maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili, ikanichukua wiki. Ile sentensi ya Mama haikusumbua: Kifaransa kina on, nacho kinamfunika mtu uso vilevile. Kilichonishinda ni mtoto shahidi anayesema, "Nilimusikia anakohoa, akazima taa." Nani? Kiswahili hakisemi ni baba au mama, na hakidanganyi. Kifaransa kinanidai il au elle. Nikiandika elle, mdogo mtu, mshukiwa wetu mkubwa na chanzo cha nusu ya vicheko, anatoka mchezoni katika dakika ya nane. Nikiandika il, nimemdanganya mtazamaji, na katika aina hii ya mchezo mwandishi anaruhusiwa kuficha lakini haruhusiwi kusema uongo. Niliandika quelqu'un, kisha la personne, kisha nikabadilisha sentensi ili kikohozi kiwe mtendaji badala ya mtu. Mtoto wa miaka tisa sasa anaongea Kifaransa cha mwanasheria.

Televisheni imetujibu kwamba mchezo ni mzuri, lakini lugha "isafishwe" kabla ya kuonyeshwa: tuurekodi upya kwa Kiswahili sahihi. Rafiki zangu wawili wako tayari, kwa sababu nafasi kama hiyo hairudi kila mwaka, na siwalaumu. Mmoja ameuza ngano za nyanya yake redioni kwa njia hiyohiyo. Mimi nimefanya hesabu. Tukisafisha, Mama atasema "ilikatwa", kidokezo kitarudi mwishoni mwa neno, na watu wataona mchezo ambamo mwanamke anayezungumza kama mtangazaji wa habari anaendesha likelemba mtaani. Tusiposafisha, mchezo utabaki katika simu yangu, na hiyo pia ni namna ya kufa.

Nilimpelekea Mama swali hilo nyumbani kwake, kwa kuwa mdomo ni wake. Alikuwa anachambua maharage. Hakuuliza habari za televisheni hata kidogo. Aliuliza kama Profesa atakubali kuja tena, mchezo mwingine, yeye akiwa maiti.