Picha Zisiachwe Njiani: Kuhamisha Makala hadi Jarida la Intaneti

Mnamo 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Johannes Fabian alirekodi masimulizi yake kwa Kiswahili cha Shaba. Msimulizi aliye mbele ya picha husema "huyu" na "pale" huku akionyesha kwa kidole. Msomaji asiyeiona picha hatamtambua "huyu" ni nani. Hasara hiyo huipata makala yoyote ambayo picha zake zimepotea katika kuhamishwa.

Chanzo chake ni kwamba waraka wa Word hubeba picha na maneno katika faili moja, ilhali ukurasa wa intaneti hutaja tu jina la picha, nayo picha yenyewe hukaa kando. Katika programu ya OJS, inayotumiwa na majarida mengi ya vyuo vikuu, ukurasa wa HTML hupakiwa kwanza. Kisha kila picha hupakiwa kama faili tegemezi, kwa jina lilelile lililotajwa ukurasani. Herufi moja ikitofautiana, msomaji huona nafasi tupu.

Wahariri wengi huchomoa picha kutoka ndani ya waraka. Yawezekana, kwa kuwa faili ya docx ni furushi lililobanwa, na likifunguliwa picha huonekana katika folda ya "media". Lakini humo zimekwisha kupewa majina kama image1 na image2, na mara nyingi Word imezipunguza ubora. Heri mwandishi adaiwe nakala asilia. Picha ya upana wa sentimita 10, kwa nukta 300 kila inchi, yahitaji pikseli zipatazo 1,180. Iliyopungukiwa haiponi kwa kukuzwa, na maandishi yaliyochorwa ndani yake, ambayo Tshibumba aliyapenda, hayasomeki tena.

JPEG yafaa kwa michoro ya rangi, PNG kwa ramani na majedwali. TIFF ihifadhiwe ghalani, maana vivinjari vingi haviionyeshi.

Maneno "picha iliyo hapo juu" yabadilishwe kuwa "Picha ya 3", kwani katika simu mpangilio huhama. Maelezo mbadala, anayosomewa msomaji kipofu, yaseme kinachoonekana, si kurudia anwani ya picha. Tena ruhusa ya kuchapa picha kitabuni si lazima ihusu intaneti. Iombwe upya kabla ya faili kupakiwa.