Njia ya shule nayo inafundisha

Mtoto anayekwenda shule kwa miguu huku Nyundo anajifunza kabla ya kengele: mwili unapata nguvu, anakumbuka njia, anangoja wenzake, anaanza kujiamulia. Lakini njia ina hatari zake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, nyumba zikabomoka, watu wakafa. Tena mtoto mdogo hajui vizuri kupima mwendo wa gari.

Basi, tembea naye kwanza siku kadhaa. Rwanda magari yanapita kulia. Mfundishe kutembea kushoto, ayaone yanayokuja. Mvua ikinyesha sana, asikaribie mto, heri achelewe darasani. Akishazoea, mwache aende na wenzake. Hapo ndipo anakomaa.