Mmea, Msombo na Dawa: Istilahi za Okidi na Saratani

Mfasiri anayekabidhiwa makala juu ya okidi na saratani hukutana na mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa neno moja tu, "dawa". Madhumuni ya maelezo haya ni kuyatenganisha.

La kwanza ni mmea wenyewe. Okidi si ngeni Unguja. Vanila, au lavani kama wengine waiitavyo, ni okidi. Hupandwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani, na maganda yake makavu huuzwa Mji Mkongwe.

La pili ni kile kilichomo ndani ya mmea, yaani msombo. Wengine husema "kampaundi". Vanilini, inayoipa vanila harufu yake, ni msombo. Vivyo hivyo moskatilini na gigantoli, zilizopatikana katika okidi za jenasi ya Dendrobium, ambazo Wachina wamezitumia katika tiba zao za jadi kwa karne nyingi. Misombo hii imeonekana katika maabara kuzuia seli za saratani zisikue.

La tatu ni dawa, yaani msombo uliokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa, ukajulikana kipimo chake, faida zake na madhara yake, kisha ukaidhinishwa. Mfano ni vinkristini, itokanayo na Catharanthus roseus, mmea wa asili ya Bukini ambao pwani yetu hupandwa uani kwa ajili ya maua. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo hutumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hiyo ni dawa. Lakini mmea wenyewe, ukichemshwa na kunywewa, ni sumu. Hakuna msombo wa okidi uliokwisha kuidhinishwa kuwa dawa ya saratani.

Kwa hiyo haifai kuandika "vanilini hutibu saratani". Kiambishi "hu-" hueleza jambo la kawaida, lililokwisha kuthibitika. Inafaa kuandika "vanilini imezuia seli za saratani katika maabara", kwani "-me-" hutoa habari ya lililotendeka bila ya kuahidi zaidi.

Tofauti hii si ya wanasarufi pekee. Mgonjwa akiliamini neno "hutibu", akaacha kwenda hospitali kwa kutegemea maganda ya vanila, kosa la tafsiri litakuwa limegeuka kosa la tiba.