Jinsi Sauti ya Siti binti Saad Ilivyotiwa Katika Santuri

Mtu aketiye Terrat, kusini ya mji wa Arusha, aweza leo kufungua simu yake akasikia sauti ya mwanamke wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Sauti hiyo imefikaje hapo? Habari yake yaanza katika nta.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini yenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza akivinadi kwa sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini. Hakujua kusoma, nyimbo zote alizishika kwa moyo. Siku zile taarabu ilikuwa starehe ya majumba makubwa, na lugha yake Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akatia ndani mambo ya mitaani. Wimbo wa Kijiti wasimulia mtu aliyemwua mwanamke akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Jambo hilo watu wa mjini walilijua, lakini ni wachache waliothubutu kulitamka mbele ya wakubwa.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikamwita Siti na wapigaji wake kwenda Bombay. Wenzake wa miaka hiyo walikuwa watu kama Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruku, hodari wa udi.

Sasa, kazi yenyewe ilifanywaje? Mbele ya mwimbaji kilisimama chombo kinachopokea sauti na kuigeuza kuwa nguvu ya umeme. Umeme ule ulitikisa sindano kali, na sindano ikachora mfuo mwembamba juu ya sahani nene ya nta inayozunguka. Kila mtikiso wa sauti ukawa pindo dogo katika mfuo. Aliyekosea neno hakuweza kulifuta peke yake: nta ilikwanguliwa, na wote wakaanza tena mwanzo. Tena upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika 3 tu. Fikiri shida ya watu wa taarabu, waliozoea kuimba wimbo mmoja kwa muda mrefu usiku, beti baada ya beti, wasikizaji wakitunza! Ilibidi wachague beti zipi zibaki na zipi ziachwe.

Nta ni laini, haiwezi kupigwa chapa. Kwa hiyo ilipakwa unga upitishao umeme, ikatiwa katika maji ya dawa yenye shaba, hata shaba ikaganda juu yake. Ilipobanduliwa, palipokuwa na mfuo pamekuwa na tuta. Kutokana na shaba hiyo zilitengenezwa chapa ngumu za kugandamizia sahani za kuuza. Sahani hizo zilikuwa za lakki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa jiwe na rangi nyeusi. Zilizunguka mara 78 kwa dakika.

Zilipofika Unguja na bara zilinunuliwa kwa wingi ajabu: kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000. Asiyekuwa na santuri alisimama nje ya duka au mkahawa akasikiliza bure. Na wale waliokuwa wakimcheka Siti kwa asili yake walilipa fedha ili wamsikie.

Sahani za lakki huvunjika upesi kama chungu, na nyingi zimevunjika. Zilizosalia zilinakiliwa katika utepe, kisha katika vyombo vya siku hizi. Ukimsikiliza Siti katika simu utasikia nyuma ya sauti yake mchakacho kama wa mafuta yakikaangwa. Usidhani simu ni mbovu. Hiyo ni sindano ikisugua ule unga wa jiwe.